UZI: Kijana wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) kidato cha sita, zimebaki wiki 16 kabla ya mtihani wa Mei. Mzazi asiyejua Fizikia amsaidieje?

Baba Uyole
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Kijana yuko kidato cha sita PCM, shule ya kutwa hapa Mbeya, shule zimefunguliwa wiki hii. Nyumbani hakuna aliyesoma sayansi. Maswali yangu ni matatu. Je, tuongeze tuisheni ya pili? Usiku asome mpaka saa ngapi na baridi hii? Na hizo pointi za kuingia chuo zinahesabiwaje, maana kila mtu mtaani ana hesabu yake? Kashfa sitaki, nataka maelekezo.

Ticha wa Isyesye
Baba Uyole, kabla ya tuisheni fungua tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani) uchukue vitu viwili, vyote bure. Cha kwanza ni fomati ya mtihani kwa kila somo. Hakikisha ni ya mtaala anaosoma yeye, maana mtaala umebadilika na pasti pepa za zamani zinaweza kuwa na mpangilio tofauti hata kama mada ni zilezile. Cha pili ni ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hiyo hutolewa kila mwaka, somo kwa somo. Inaonyesha swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi, na mara nyingi imewekwa picha ya jibu zuri na jibu bovu kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Wazazi wanalipia tuisheni pesa ndefu wakati kitu hiki hakijafunguliwa hata mara moja.

Sasa kazi yako wewe usiyejua Fizikia: kuwa msimamizi wa chumba. Kila Jumamosi saa 2:00 asubuhi mpe karatasi moja nzima, muda wa saa tatu kamili, meza tupu, simu iko kwako. Saa 5:00 unakusanya hata kama yuko katikati ya sentensi. Kwa fomati iliyozoeleka, PCM ina karatasi saba za nadharia ukiweka na GS (General Studies, maarifa ya jumla): Fizikia mbili, Kemia mbili, Hesabu mbili, GS moja. Wiki 16 zinatosha kupita kila karatasi mara mbili na bado Jumamosi mbili zinabaki za dharura, msiba au mtihani wa utamilifu wa mkoa. Karatasi za miaka miwili ya mwisho zifungie kabatini, asizione mpaka Aprili. Akizizoea Januari, Aprili hutakuwa na kipimo cha kweli.

Jumapili mchana anasahihisha. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanafanya pasti pepa kumi na hawasahihishi hata moja. Kila kosa aliandike kwenye daftari lake akilipa aina: sijui mada, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya, muda uliisha, hesabu ndogo imeteleza. Baada ya wiki nne hesabuni. Kama "sijui mada" ndiyo nyingi, hapo tuisheni ina maana, tena ya mada hizo tu. Kama "muda uliisha" na "nilisoma vibaya" ndizo nyingi, tuisheni ya pili itamwongezea uchovu tu.

Mama Pacha
Shikamoo mwalimu. Nani anasahihisha kama shuleni walimu wamebanwa na nyumbani hatujui?

Ticha wa Isyesye
Marahaba mama. Wenzake wawili wa kombi hiyohiyo wanatosha. Wabadilishane karatasi na wasahihishe wakiwa na kitabu na ile ripoti. Kumsahihisha mwenzako kunakufundisha jinsi msahihishaji anavyoona: hatua isiyoandikwa haina maki. Maswali watakayobishania watatu wote, hayo ndiyo wampelekee mwalimu Jumatatu. Mwalimu aliyebanwa hakatai maswali matatu yaliyoandaliwa, anachokataa ni "ticha nisaidie Fizikia."

Fundi Hesabu
Niseme la Hesabu za Advansi, ndizo zinazoangusha PCM wengi.

Kwa fomati iliyozoeleka, karatasi ya kwanza ni maswali 10, yote lazima, maki 10 kila moja. Dakika 180 kwa maswali 10 ni dakika 18 kila swali. Mfundishe akate kwa 17, zile dakika 10 zinazobaki ni za kurudi nyuma. Karatasi ya pili ina sehemu A ya maswali manne ya lazima, maki 15 kila moja, na sehemu B anachagua mawili kati ya manne, maki 20 kila moja. Hapo swali la maki 15 lisizidi dakika 26, na la maki 20 lisizidi 35. Saa ya ukutani iwe mbele yake, ya mshale, kwa sababu simu haiingii chumba cha mtihani.

Swali la kalkuleta kwenye karatasi ya kwanza ni maki za bure na bado zinapotea. Sababu kubwa ni modi. Kabla ya kuanza abonyeze sin 30. Ikitoka 0.5, iko kwenye digrii. Ikitoka -0.988, iko kwenye radiani. Maswali ya kuintegreti yenye sin na kos yanataka radiani. Integro ya sin x kutoka 0 hadi π/2 ni 1 kamili, na ni kipimo kizuri cha kujua kama mashine iko sawa. Kosa la pili ni kukadiria desimali katikati ya kazi: swali linataka desimali nne, yeye anakata kwenye tatu kila hatua, jibu la mwisho linahama. Namba zikae kwenye memori mpaka mwisho.

Kalkuleta iwe ileile kuanzia sasa mpaka Mei. Usimnunulie mpya Aprili kwa nia njema, vidole vitapotea. Na isiwe ya kuprogramu.

Programu mstari: wanachora grafu vizuri halafu wanasahau kuandika jedwali la pembe za eneo linalokubalika na thamani ya fankishini kwa kila pembe. Grafu peke yake haijajibu swali. Kwenye takwimu aandike jedwali lote hata kama kalkuleta imempa jibu kwa kitufe kimoja.

Mhehe wa Kihesa
Kamweneni. Mimi naongeza Fizikia, hasa praktiko, maana shule nyingi za kata huku kwetu zinaiacha mpaka Machi.

Pendulamu unaweza kuifanyia nyumbani: uzi, nati ya baiskeli, rula, simu kama saa. Uzi wa sentimita 50 kutoka kwenye fundo mpaka katikati ya nati unatakiwa kutoa mizunguko 20 kwa sekunde 28.4 hivi. Kosa maarufu ni kuhesabu "moja" pale anapoachia. Akifanya hivyo atakuwa amepima mizunguko 19 akidhani ni 20, na g (mvutano wa dunia) itatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Aanze na "sifuri". Apime urefu tano au sita, achore T² (T ni muda wa mzunguko mmoja) dhidi ya urefu. Mteremko unatakiwa uwe karibu 4.0 kwa mita. Ukitoka 0.04, ameacha urefu kwenye sentimita. Kipimo hicho kimoja kinamwokoa kwenye chumba cha mtihani, kwa sababu anajua jibu lililopotea linafananaje.

Grafu: skeli ijaze zaidi ya nusu ya karatasi pande zote mbili, na iende kwa 1, 2 au 5. Skeli za 3 na 7 zinamfanya akosee kuweka nukta. Kila mhimili uwe na jina na kipimo. Pembetatu ya mteremko iwe kubwa, na pointi zake zichukuliwe juu ya mstari, sio kwenye data ya jedwali. Jedwali: vipimo viandikwe kichwani, na safu moja iwe na desimali zinazolingana. Aliyeandika 28.4 halafu 30 halafu 33.15 amejitangaza kwamba hajui kifaa chake kinasoma mpaka wapi.

Kwenye nadharia asidharau fizikia ya mazingira na elektroniki. Ni mada fupi, maswali yake ni ya maelezo, na watu wanaziacha eti "hazina hesabu". Kwa kijana anayeyumba kwenye mekanika hizo ndizo maki za kushika kwanza.

Kemia Tukuyu
Praktiko ya Kemia sasa. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu hapa maki hupotea kwa mikono, kichwani kijana anajua.

Titresheni. Bureti inasuuzwa kwa maji safi ya maabara halafu kwa mchanganyiko utakaowekwa ndani yake. Pipeti vilevile kwa mchanganyiko wake. Chupa ya koni inasuuzwa kwa maji PEKE YAKE. Akiisuuza kwa mchanganyiko wa pipeti, mabaki yanaongeza kiasi na titri (kiasi kilichotoka kwenye bureti) inapanda. Kabla ya kusoma sifuri, aangalie kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti. Kikitoka katikati ya kazi kinahesabika kama asidi iliyotumika. Aondoe faneli. Jicho liwe usawa wa mpindo wa maji. Usomaji wote uwe desimali mbili: 24.10, sio 24.1. Ile ya kwanza ya majaribio haiingii kwenye wastani. Mfano 24.10, 24.00, 24.10: wastani 24.07. Viashiria: asidi kali na besi dhaifu kama sodiamu kaboneti, methili oranji. Asidi dhaifu na besi kali, fenolfthalini. Akibadilisha, mwisho wa rangi hautakuwa mahali pake na hesabu zote za chini zinakufa.

Kutambua chumvi. Sodiamu haidroksaidi na amonia viongezwe tone kwa tone KWANZA, aandike alichokiona, ndipo azidishe na aandike tena. Anayemimina kwa pamoja amejinyima nusu ya taarifa. Mashapo meupe yakiyeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi ya ziada, anaowafikiria ni zinki, aluminiamu na risasi. Amonia ndiyo inawatenganisha: ya zinki yanayeyuka kwenye amonia ya ziada, ya aluminiamu na risasi yanabaki. Kati ya hao wawili, potasiamu aiodaidi inatoa njano kwa risasi. Hii ajue usingizini.

Na asiandike "hakuna kilichotokea". Aandike hakuna mashapo yaliyoonekana, au rangi haikubadilika. Jicho limeona kitu fulani, akiseme hicho.

Baba Uyole
Mwalimu, ndaga fijo. Hapo kwenye maneno ya maswali nina shida. Kijana ukimuuliza kwa Kiswahili anaeleza vizuri sana, kwenye karatasi anaandika mistari miwili.

Ticha wa Isyesye
Hilo ni la lugha, na linatibika. Achukue maneno ya amri kwenye pasti pepa na ajue kila moja linadai nini. "State" ni kutaja, mstari mmoja unatosha. "Explain" ni kutaja na kusema kwa nini au kwa vipi. "Account for" ni sababu tupu. "Distinguish" inataka pande zote mbili kwa kipengele kilekile, sio aya ya huyu halafu aya ya yule. Halafu atazame maki pembeni: swali la maki 6 halijibiwi kwa sentensi mbili.

Zoezi la nyumbani: akueleze mada kwa Kiswahili dakika tatu, wewe usikilize tu kama anaeleweka. Halafu akae aandike hichohicho kwa Kiingereza mistari minane. Kila siku mada moja. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo bure kwenye maktaba yao mtandao, achukue maneno ya kitaalamu humo badala ya kwenye notsi zilizofotokopiwa mara saba pale stendi.

Mama Pacha
GS je? Wa sayansi wanaidharau.

Mhehe wa Kihesa
Haiingii kwenye pointi za divisheni, lakini inaonekana kwenye cheti na F haipendezi popote. Insha mbili kwa mwezi zinatosha: utangulizi wenye maana ya neno kuu, hoja sita kila moja na mfano wa Tanzania, hitimisho. Mifano asitafute mbali. Reli ya TAZARA, chai ya Mufindi na Rungwe, msongamano wa malori Tunduma. Hoja yenye mahali na kitu inasomeka tofauti na "inaleta maendeleo kwa jamii".

Karani wa Udahili
Hesabu za pointi. Hapa mtaani panachanganywa sana kwa sababu kuna mizani miwili inayokwenda kinyume.

Mizani ya NECTA ni ya divisheni, ndogo ndiyo nzuri: A=1, B=2, C=3, D=4, E=5, S=6, F=7. Masomo matatu ya kombi yanajumlishwa. 3–9 ni divisheni ya kwanza, 10–12 ya pili, 13–17 ya tatu, 18–19 ya nne.

Mizani ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni ya kuingia shahada, kubwa ndiyo nzuri: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. S ni nusu na haihesabiki kama ufaulu wa kuingilia. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili yanayotakiwa na kozi hiyo yenye jumla ya pointi 4.0. Kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo.

Tazameni watoto wawili. Wa kwanza kapata C, E, S. NECTA: 3+5+6 = 14, divisheni ya tatu. TCU: C na E ni 3+1 = 4, mlango uko wazi kama masomo hayo mawili ndiyo kozi inayataka. Wa pili kapata D, E, E. NECTA: 4+5+5 = 14, divisheni ya tatu ileile, pointi zilezile. TCU: mawili bora ni 2+1 = 3. Hafiki. Mtaani wote wanaitwa "wa tatu ya 14", na mmoja anashangaa Julai kwa nini mfumo unamkataa.

Maana yake kwa mzazi: chukueni mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka uliopita SASA HIVI, bure kwenye tovuti yao. Tafuteni kozi tano anazozitaka, mathalani za uhandisi pale MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) Iyunga au za ualimu wa sayansi Mkwawa, Iringa. Andikeni kila kozi inataka somo gani na daraja gani. Ndipo mtajua Aprili nguvu iwekwe wapi. Kijana mwenye Fizikia ya E na Hesabu ya E anafaidika zaidi kupandisha zote mbili zifike D kuliko kusukuma Kemia kutoka C kwenda B, kama kozi yake inahesabu Fizikia na Hesabu.

Ikishindikana, stashahada kupitia vyuo vya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) ni njia halali, na akimaliza na GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada. Msimwambie mtoto kwamba Mei ndiyo mwisho wa dunia, ila pia msimwambie hivyo akiwa amelala saa 4 asubuhi Machi.

Fundi Hesabu
😂 Karani umemaliza.

Mama Pacha
Turudi kwenye baridi. Vijana wanawasha jiko la mkaa chumbani wanafunga na dirisha.

Kemia Tukuyu
Mama hilo NI MARUFUKU. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi mzito, na wengine hawaamki. Hata kabla ya hatari hiyo, anayesomea humo anasinzia na mnadhani ni mvivu. Jiko liote nje, maji ya moto yawekwe kwenye chupa miguuni, blanketi la magotini, soksi mbili. Mkono wa kuandikia upate glavu iliyokatwa vidole kwenye mazoezi ya Jumamosi, kwa sababu asubuhi ya Mei huku juu vidole vinakuwa vizito na mwandiko unapungua kasi.

Muda: akitoka shule saa 10, ale, apumzike saa nzima. Vipindi viwili vya dakika 50 kabla ya chakula cha usiku, kimoja baada yake. Saa 4:30 usiku taa zimezimwa. Kukesha mpaka saa 8 usiku kunaliwa na kipindi cha kwanza asubuhi, hakuna faida. Kwa umeme unaokatika, taa moja ya sola ya mezani. Tochi ya simu inakuja na simu yenyewe.

Mhehe wa Kihesa
Na simu inakuja na magrupu ya Telegram ya "pepa la NECTA limevuja, tuma elfu ishirini". Ni wizi. Wanachukua pasti pepa ya zamani wanabadilisha mwaka juu. Mbaya zaidi kijana anatumia usiku wa mwisho kukariri hayo. Na mtahiniwa akikutwa na simu au karatasi chumbani, matokeo yote yanafutwa, sio ya somo hilo peke yake.

Karani wa Udahili
La mwisho kwangu, watu wa huku hulisahau. Vijana wengi wakimaliza wanaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, wengine hapahapa Itende au Mafinga, wengine mbali. Matokeo hutoka Julai, na dirisha la vyuo na la mkopo linaweza kufunguliwa akiwa kambini bila simu. Kwa hiyo kabla hajaondoka wekeni bahasha moja: namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi), picha ndogo, kitambulisho cha mzazi na cha mdhamini, na orodha ya kozi kwa mpangilio alioukubali YEYE kwa mwandiko wake. Linganisheni majina herufi kwa herufi. Mwakyusa kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwakiusa NECTA ni wiki tatu za kuzunguka kwenye ofisi, tena kwenye wiki ambazo huna.

Baba Uyole
Nimeyachapa yote. Jumamosi hii saa 2 tunaanza na Hesabu karatasi ya kwanza. Ya mwaka gani inafaa kuanzia?

Fundi Hesabu
Rudi miaka sita nyuma, usianze na ngumu. Na mpe karatasi za grafu halisi, sio daftari la hesabu, penseli mbili na kifutio. Wiki ya kwanza usimuulize kapata ngapi. Muulize swali la saba alilifikia saa ngapi.

Baba Uyole
Nitaleta jibu Jumapili jioni.

Fundi Hesabu
Lete na lile daftari la makosa, upige picha ukurasa wa kwanza. Jina lake ulifunike.